Pawa saplai ya Korad KA3005P: jaribio la saa mbili linachelewa zaidi ya nusu saa, na mishuko mifupi ya volti haifiki chini

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoendesha pawa saplai kwa kompyuta.

Nashughulika na mizani za kidijitali, hizi za jukwaa zinazopimia korosho kwenye vyama vya msingi. Msimu ukifunguliwa Oktoba zinaanza kuletwa kutoka Nanyamba, Tandahimba, Newala, na lalamiko linaloninyima usingizi ni hili: "Asubuhi inapima sawa, jioni inaruka." Ukiiweka mezani kwenye umeme wa ukutani, inapima vizuri siku nzima. Kwa hiyo kuna jambo linatokea ikiwa kwenye betri yake ya volti 6, betri ikishachoka. Mkulima amepalilia, amepuliza salfa, ameokota korosho na kuzianika, halafu kilo moja ipotee kwenye gunia kwa sababu ya betri? Siwezi kumrudishia karani mizani na kumwambia "itakuwa betri, badilisha" wakati mwenyewe sijaona kwa macho inaharibikia wapi.

Nimepata Korad KA3005P iliyotumika, ile ya volti 30 na ampea 5 yenye USB nyuma. Nataka iigize betri inayoisha. Programu nimeandika kwa Python: inaanza volti 6.40, inashuka 0.01 kila dakika mpaka 5.20. Hatua 120, saa mbili. Kila sekunde inauliza VOUT1? na IOUT1? (volti na ampea zinazotoka) na kuandika kwenye faili. Tena kila baada ya dakika tano inashusha volti 1.2 kwa ghafla kwa milisekunde 200, kuigiza printa ya risiti inapovuta umeme kwenye betri hiyohiyo, kisha inarudisha.

Sasa, jaribio haliishi kwa saa mbili, linakwenda saa mbili na nusu na ushee. Ule mshuko wa ghafla nikiutazama kwenye osiloskopu ndogo ya mkononi, naona mstari unainama tu kama kilima na kupanda tena kabla haujafika chini. Na mara mojamoja Korad inaruka amri kabisa, inabaki na volti ya hatua iliyopita bila kulalamika popote.

Mzigo ni bodi ya mizani peke yake, inakula kama miliampea 30. Nimeweka kikomo cha ampea 0.5. Nisaidieni, Oktoba haiko mbali.

Waya Tatu, Masasi

Mkuu, ukipata fedha tafuta Rigol DP832. Ina kitu kinaitwa Timer ndani yake: unaipa namba ya hatua, volti, kikomo cha ampea na sekunde, kwa mfano :TIME:PARA 0,6.4,0.5,60, halafu hatua inayofuata, na inayofuata. Inabeba hadi hatua 2048. Ukishaandika :TIME ON unaweza kuchomoa waya wa kompyuta ukaenda kula, saa inahesabiwa na mashine yenyewe. Mwishoni unachagua izime au ibaki kwenye volti ya mwisho. Ila hatua fupi kuliko zote ni sekunde 1, kwa hiyo milisekunde 200 zako humo hazimo.

Bi Mitwero, Lindi

Mwanangu, usiuze Korad yako. Kazi unayoifanya ni ya maana sana na hicho kifaa kinaiweza karibu yote.

Tuanze na muda. Programu yako bila shaka inasoma, inaandika, halafu inalala sekunde moja, inazunguka tena. Lakini kuuliza volti, kusubiri jibu, kuuliza ampea, kusubiri, kuandika faili, hayo nayo yana muda wake. Tuseme sehemu tatu za kumi za sekunde kwa kila mzunguko. Mizunguko yako ni 7,200. Zidisha: sekunde 2,160, dakika 36. Ndiyo hiyo nusu saa na ushee unayoiona. Kompyuta haijachelewa popote, imefanya ulivyoiagiza: ilale sekunde nzima baada ya kumaliza kazi.

Dawa yake ni kuacha kuhesabu usingizi na kuhesabu saa. Mwanzoni kabisa chukua time.monotonic na uihifadhi kama mwanzo. Hatua ya 1 inatakiwa sekunde 60 baada ya mwanzo, hatua ya 2 sekunde 120, hatua ya 87 sekunde 5,220. Kila hatua isubiri mpaka saa yake ifike, bila kujali hatua iliyotangulia ilitumia muda gani. Hata moja ikichelewa kidogo, ucheleweshaji haurithiwi na inayofuata. Tumia monotonic na siyo time.time, kwa sababu hiyo nyingine ni saa ya ukutani ya kompyuta, inaweza kusogezwa na intaneti katikati ya jaribio. Tena zima usingizi wa kompyuta kwenye mipangilio ya umeme, na uzime masasisho ya Windows kwa siku hiyo.

Amri zinazorukwa. Vifaa vikubwa vya maabara vinatumia lugha ya SCPI, iliyotoka 1990, na ndani yake kuna adabu nzuri sana: unatuma *OPC? na kifaa kinakujibu 1 kikishamaliza, unatuma SYST:ERR? kinakuambia kosa lake. Korad KA3005P inajibu *IDN?, ile ya kuuliza jina la kifaa, lakini mengine ni lugha yake ndogo. Haina alama ya mwisho wa mstari, inajua amri imekwisha kwa kuona kimya. Ukiituma VSET1:6.21 na nyuma yake papo hapo VOUT1? zinashikana, inaona takataka, inatupa. Haitakwambia. Kwa hiyo kila baada ya amri nyamaza kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kila baada ya kuweka volti uliza VSET1? kama ilivyopokea. Jibu lisipolingana, tuma tena na uandike kwenye faili kwamba ulituma tena. Hilo la kuandika usilipuuze. Jaribio lenye hatua iliyorukwa usiyoijua halikufai kitu.

Tukija kwenye mshuko, hapa ndipo pana mambo. Korad inajua kusukuma umeme, haijui kuuvuta. Ukiiambia ishuke, inaacha kusukuma, na volti inabaki imeshikwa na kapasita zilizopo: ya kwenye mdomo wa pawa saplai na zile za kwenye bodi ya mizani. Zinaisha kwa kasi ya mzigo wenyewe. Chukua jumla ya mikrofaradi 3,000 na mzigo wako wa miliampea 30: gawanya, unapata volti 10 kwa sekunde. Kushuka volti 1.2 kunataka milisekunde 120 kwa hesabu ya kapasita peke yake, kabla hujaongeza muda wa amri kusafiri na uzito wa pawa saplai yenyewe kuitikia. Katika milisekunde 200 hutafika chini, utaona hicho kilima.

Weka rezista ya omu 10 ya wati 10 sambamba na mzigo, palepale kwenye vituo vya Korad. Kwa volti 6 inakula ampea 0.6, wati 3.6, itapata moto, isiguse plastiki wala meza ya mbao. Jumla inakuwa ampea 0.63, kasi ya kushuka inapanda hadi kama volti 210 kwa sekunde, na ile 1.2 inamalizika kwa milisekunde 6 hivi. Kikomo chako cha 0.5 inabidi ukipandishe hadi 1.5, la sivyo Korad itaingia kwenye kulinda ampea na volti itaanguka yenyewe, wewe ukidhani ni mizani. Angalia pia kama bodi ina daiodi ya kuzuia kuchomeka kinyume. Kama ipo, rezista ya nje haitamwaga kapasita ya ndani, na hilo ni sawa, ndivyo inavyokuwa hata kwa betri.

Lakini nikushauri zaidi ya hapo. Kwa nini uupange mshuko kwa programu? Betri iliyochoka haishuki kwa sababu mtu ameiamuru. Inashuka kwa sababu ndani yake kuna ukinzani, na printa ikivuta ampea 2 kwenye ukinzani wa nusu omu, volti 1 inapotelea humo. Basi uigize ukinzani. Weka rezista ya omu 0.5 ya wati 5, ile nyeupe ya saruji, katikati ya Korad na mizani, kikomo ukipandishe hadi ampea 3, na uiache printa halisi itoe risiti. Mshuko utakuja wenyewe, kwa urefu wake halisi, na utaisha printa ikinyamaza. Korad inabaki na kazi ya kushuka polepole tu, kazi inayoiweza. Ukitaka betri changa weka omu 0.1, ukitaka iliyokaa misimu mitatu weka 0.5, tena hata 0.8.

Kama printa huna, njia ya maskini: daiodi mbili za 1N5408 zikifuatana kwenye waya wa chanya, na rilei inayoziruka. Rilei ikifunga, umeme unapita pembeni bila kupungua. Ikiachia, unapita kwenye daiodi na unapoteza kama volti 1.2 hadi 1.4 mara moja. Rilei iendeshe kwa Arduino, milisekunde 200 haitaisumbua.

Volti pima pale inapoingia kwenye bodi ya mizani. Kinachosomeka kwenye kioo cha Korad ni volti ya mdomoni kwake, waya wa bei rahisi unakula sehemu yake, na hii Korad haina zile waya mbili za kuhisi kwa mbali.

Karani wa ghala, Tandahimba

Mimi siyo fundi, lakini mizani nakaa nayo msimu mzima, nione kama itasaidia. Printa haitoi risiti kila dakika tano. Asubuhi inaweza kukaa nusu saa kimya. Pikipiki na magari yakifika, tunapima mfululizo na risiti zinatoka moja nyuma ya nyingine, betri haipati nafasi ya kupumua. Mnada ukikaribia ndiyo inakuwa hivyo hadi jioni, na mizani huruka wakati huohuo. Pia taa ya displei tunawasha kuanzia saa kumi na moja maana ndani ya ghala panakuwa giza. Nashukuru sana mnaolihangaikia hili. Mkulima akiona namba inacheza anaacha kutuamini, na akiacha kutuamini anawauzia watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo wanaopima kwa kopo.

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Shikamoo mama. Asante sana, na wewe karani asante, maelezo yako yamebadilisha jaribio lote.

Muda sasa umekaa. Nimehesabu kutoka mwanzo kama ulivyosema, na hatua ya mwisho inatoka kwenye saa yake. VSET1? imenionyesha hatua zilizorukwa, sasa zinatumwa upya na zinaandikwa.

Mshuko nimeuachia printa na rezista ya omu 0.5. Risiti nazitoa kwa mafungu: kimya dakika 20, halafu risiti kumi mfululizo, kimya tena. Kwenye osiloskopu naona kitu ambacho nisingekipanga hata siku moja: volti haishuki mara moja, inashuka kwa meno, kila mstari wa risiti na jino lake, na mstari wenye maandishi mengi jino linakwenda chini zaidi.

Namba nazirekodi kwa kamera ya simu. Nimeisimika ione kioo cha Korad na displei ya mizani kwa pamoja, ili nisibishane na faili.

Ila kuna jipya. Juu ya jukwaa nimeweka mawe ya mizani, jumla kilo 60. Kabla volti haijashuka hata chini ya 6.2, namba imeshapanda gramu 20 na inaendelea polepole. Printa kimya kabisa. Hiyo nayo ni betri?

Bi Mitwero, Lindi

Marahaba mwanangu. Hiyo siyo betri. Lodi seli ni chuma kilichobandikwa nyaya za kuhisi mkunjo, na chuma kikikaa na mzigo muda mrefu kinaendelea kulegea kidogo kidogo. Ongeza na joto la karakana yenye bati mchana, na bodi yenyewe kupata joto baada ya kuwashwa. Ukiacha kilo 60 juu kwa saa mbili utaona namba inasogea hata kwa volti ambayo haijaguswa.

Fanya hivi: washa mizani uiache nusu saa ipate joto lake. Halafu endesha jaribio zima la saa mbili Korad ikiwa imesimama 6.40 tu, mawe yaleyale, printa na mafungu yaleyale. Faili hilo ndilo kipimo chako cha kulinganishia. Baada yake uache jukwaa tupu lipumzike, ndipo uendeshe lile la kushuka. Tofauti kati ya mafaili mawili ndiyo ya volti. Afadhali zaidi uwe unatoa mawe na kuyarudisha kila hatua ya kumi, uone sifuri inarudi sifuri.

Wakati huohuo pima volti inayolishwa lodi seli, kati ya waya wa E+ na E−. Kwa kawaida ni 5. Mizani iliyoundwa vizuri inatumia volti hiyohiyo kama kipimo cha kusomea mawimbi ya lodi seli, kwa hiyo hata ikishuka kidogo, mawimbi na kipimo vinashuka pamoja na kilo hazibadiliki. Ndivyo ilivyo hata kwa zile bodi ndogo za HX711 za kusomea lodi seli. Kama kipimo kinatoka kwingine, E+ ikishuka tu na kilo zinashuka nayo. Na ukiona E+ imetulia 5.00 na namba bado inaruka, achana na betri, fungua kisanduku kinachounganisha lodi seli nne utazame unyevu. Chumvi ya pwani hii inaingia kila mahali.

Mwisho wa jaribio nataka unipe volti mbili kwa kila mizani: ile ambayo alama ya betri inawaka, na ile ambayo kilo zinaanza kuhama. Betri ya risasi ya volti 6 ina vyumba vitatu, na kwa 1.75 kila chumba, 5.25 ndipo pa kuacha kuitumia. Alama ikiwaka kwanza, karani anaonywa kabla mkulima hajaumia. Kilo zikihama kwanza, mizani hiyo isipime korosho ya mtu.

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Mama, nimepata. Mizani mbili za aina moja.

Ya kwanza alama inawaka 5.60 na kilo hazijahama mpaka 5.40. Nzima. Ile gramu 20 ilikuwepo hata kwenye faili la 6.40, kwa hiyo nimeitoa kwenye hesabu.

Ya pili, ile iliyolalamikiwa, printa ikinyamaza ni nzima vilevile. Lakini fungu la risiti likianza Korad ikiwa 5.75, namba inashuka gramu 300 hadi 400, na alama ya betri haijawaka kwa sababu inasubiri 5.60. Nimepima E+ na E−: kila jino la printa inashuka kutoka 5.00 hadi kama 4.6. Mizani nzima na mbovu zina bodi inayofanana, tofauti niliyoiona ni kwamba hii ya pili bodi yake ilishafanyiwa ufundi zamani, kuna waya umeunganishwa kutoka kwenye regyuleta nyingine kwenda kwenye mguu wa kipimo cha kusomea. Karani alikuwa sahihi kabisa kwamba ni foleni ya jioni.

Nifanyeje: nirudishe ule waya ulivyokuwa kiwandani, au printa niipe betri yake?

Bi Mitwero, Lindi

Vyote viwili. Waya urudi kama ulivyo kwenye ile nzima, kwa sababu kesho mtu atachomeka printa kwenye betri ya mizani tena na huna wa kumzuia. Printa nayo ipate betri yake, maana hata bodi nzima haina sababu ya kuvumilia meno yale. Halafu rudia jaribio la kushuka ukiwa na rezista ya 0.8, siyo 0.5, na ulete namba hapa.

Kwa kuwa umefungua na umegusa mfumo wa kupimia, mizani hiyo isirudi ghalani moja kwa moja. Ipeleke Wakala wa Vipimo ihakikiwe na iwekewe lakiri upya, na faili la jaribio uende nalo. Fanya hivyo Septemba, kabla foleni ya msimu haijaanza.